Askari Wetu Akipiga Yowe Ugenini, Nani Atatoka?

Huku Mkonze, Dodoma, yowe halina saa. Likipigwa saa nane za usiku kwa sababu fisi wameingia zizini, au moto umeshika paa la jirani, unatoka na chochote ulichokikamata: fimbo, panga, jembe, tochi ya simu. Huulizi kwanza kama wewe na mwenye yowe mnasalimiana. Asiyetoka, kesho yake wazee wanamwita na kumuuliza alikuwa wapi. Nilipokuwa msichana nilimwona mtu mzima akitozwa mbuzi kwa sababu alisikia yowe akajifunika shuka. Mbuzi yule alilia njia nzima akipelekwa, na mwenyewe hakuinua macho.

Nimekulia katika sheria hiyo. Nilifundisha shule ya msingi miaka 34 nikiishi chini yake, na leo, mstaafu mwenye kipande cha shamba la zabibu, bado ndiyo mizani yangu. Nataka kuitumia kupima jambo ambalo wengi wetu tunalitaja msibani tu: vijana wetu wa JWTZ wanaopelekwa nje kupigana bega kwa bega na majeshi ya nchi nyingine.

Mwanangu wa pili ni askari. Amekwenda Kongo na kurudi. Siku moja akiwa likizo alinionyesha daftari, lile la wanafunzi, ambalo alikuwa amelikata katikati liingie mfuko wa kombati. Kila ukurasa aliuchora safu nne: Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, Kilingala. Simama. Njoo. Rafiki. Maji. Majeruhi. Usipige. Mbele ya "njoo" aliandika yaka, mbele ya "rafiki" aliandika moninga. Neno "usipige" alikuwa amelizungushia kalamu nyekundu mara tatu, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Maisha yangu yote nimesahihisha madaftari. Hilo nilimrudishia kama lilivyo.

"Mama," aliniambia, "Mmalawi anaongea Kichewa na wenzake. Wa Afrika Kusini redio yake ni Kiingereza. Mkongo anaamriwa kwa Kilingala au Kifaransa. Halafu bibi wa kijijini anayekuja kukuambia waasi wamepita wapi, anakuambia kwa Kiswahili. Ukikosea neno moja gizani, unampiga mwenzako."

Brigedi aliyokwenda nayo ilizaliwa Machi 28, 2013, kwa Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, miezi minne baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma. Iliidhinishiwa askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi: batalioni tatu za askari wa miguu, kombania ya mizinga, na kombania ya makomandoo na upelelezi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Walinda amani tuliowazoea hukaa katikati ya wagombanao na kurusha risasi pale tu wanapovamiwa au raia wanaposhambuliwa. Hawa walipewa ruhusa ya kuwafuata waasi waliko na kuwapiga, wakiwa peke yao au pamoja na jeshi la Kongo. Agosti 28 mwaka ule ule tulimpoteza Meja Khatib Mshindo katika mapigano ya vilima vya kaskazini mwa Goma. Novemba, M23 wakaweka silaha chini.

Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini mwanangu alinifundisha kuangalia kitu kingine: mwenzako wa kupigana naye ni nani, na nyuma yake yuko nani. Kanali Mamadou Ndala wa jeshi la Kongo, ambaye vijana wetu walipigana upande wake na watu wa Goma walimbeba juu juu kwa furaha, aliuawa kwa kuviziwa karibu na Beni, Januari 2, 2014, wiki chache tu baada ya ushindi. Mwishoni mwa mwaka huo mahakama ya kijeshi ya Kongo ilimtia hatiani ofisa wa jeshi hilo hilo kwa kushirikiana na waasi wa ADF. Askari anayelala kwenye handaki moja na jeshi la namna hiyo anabeba hatari mbili, ya mbele na ya ubavuni.

Sasa nifike Semuliki.

Desemba 7, 2017 ilikuwa Alhamisi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka huku kwetu, nami nilikuwa nimeshinda shambani nikipanda uwele. Jioni hiyo, katika kambi ya Semuliki, Beni, wapiganaji wa ADF waliwavamia walinda amani wetu, na mapigano yakaingia usiku saa baada ya saa. Watanzania 15 walipoteza maisha. Zaidi ya 40 walijeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa umoja huo katika miaka ya karibuni.

Mwanangu alikuwa amerudi nchini mwaka huo huo na wakati ule alikuwa hapa nyumbani. Habari zilipoanza kuzagaa kwenye simu za watu, aliketi nje kwenye kigoda chini ya mwembe akawapigia wenzake mmoja mmoja. Kila namba isiyopatikana, aliandika jina la mwenyewe kwenye jalada la nyuma la lile daftari. Yalifika majina tisa. Kwa siku mbili alikuwa akiyakata kwa mstari kila simu ilipoitika. Kila jina likikatwa alivuta pumzi ndefu, nami nilikuwa jikoni nikiisikia. Mawili hayakukatwa. Yako kwenye jalada lile mpaka leo, kwa wino wa bluu, bila mstari.

Umoja wa Mataifa uliunda timu ya uchunguzi chini ya Dmitry Titov wa Urusi. Matokeo yalitolewa Machi 2018, nami nikaomba nisomewe, kisha nikasoma mwenyewe, polepole. Ilisemwa wazi kwamba ujumbe ule wa kulinda amani haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka nguvu kwa kambi iliyovamiwa na kuwatoa askari wake. Kulikuwa na kasoro za uongozi na amri. Vitu vya lazima vilikosekana: ndege, wahandisi, taarifa za kiintelijensia.

Soma tena hilo la kwanza. Kambi iko porini, imezungukwa na msitu ambao adui anaujua kama kiganja chake, na mpango wa kutekelezeka wa kuiokoa usiku hakuna. Kwa lugha ya hapa kijijini: yowe lilipigwa, na hapakuwa na makubaliano ya nani atatoka. Nimeyapima maneno haya muda mrefu kabla ya kuyaandika. Vijana wetu hawakukosa ujasiri, maana wangekosa, kambi ile isingepigana saa zote zile. Kilichokosekana kilikuwa cha kukatwa shauri mezani, miezi mingi kabla, na watu waliovaa viatu vikavu.

Na asije mtu akaniambia kwamba wageni hawaaminiki na tubaki kwetu. Nitamjibu kwa jina moja: Chancy Chitete. Huyu alikuwa askari wa kawaida wa Malawi. Novemba 14, 2018, mwaka haujatimia tangu Semuliki, brigedi ilikuwa ikipambana na ADF eneo la Kididiwe, Beni. Koplo mmoja Mtanzania alipigwa vibaya, akashindwa kusogea, yuko wazi mbele ya risasi. Chitete alimfuata pale pale, akamburuta mpaka mahali penye kificho, akaanza kumfunga jeraha. Akapigwa yeye. Alikufa. Koplo wetu alipona. Siku hiyo walikufa Wamalawi sita na Mtanzania mmoja. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulimtunuku Chitete medali ya Kapteni Mbaye Diagne, iliyopewa jina la Msenegali aliyeokoa watu wengi Rwanda mwaka 1994 kabla naye hajauawa.

Yule kijana hakuwa na undugu wowote na koplo wetu. Huenda hata salamu walisalimiana kwa Kiingereza cha kubabaisha. Alisikia yowe, akatoka. Mimi ningependa shule moja hapa Dodoma iitwe kwa jina lake, na watoto wafundishwe ni nani. Hiyo ni haja ya moyo wangu, naiweka hapa kwa sababu sijui mahali pengine pa kuiweka.

Askari kwa askari, basi, yowe linaitikiwa. Wanaoitikia kwa kuchelewa ni mipango, mikataba na ofisi.

Huku kwetu Ugogo tunajua maana ya majeshi ya wageni kuliko wanavyodhani wanaotuona wa juzi kwa sababu makao makuu ya nchi yamehamia juzi. Julai 29, 1916, askari wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer waliingia Dodoma wakiwakimbiza Wajerumani. Bibi yangu mzaa baba alikuwa msichana mdogo. Alitusimulia kwamba Wajerumani walipoondoka walichukua ng'ombe na nafaka, na waliokuja baada yao wakachukua ng'ombe na nafaka zilizobaki, na wanaume wakabebeshwa mizigo kwenda vitani, wengi wasirudi. Kisha mvua ikakataa. Njaa iliyofuata wazee wetu waliiita mtunya, na watu wapatao 30,000 wa nchi hii walikufa. Bibi alikuwa na tabia moja mpaka anakufa: hakumaliza chakula chote sahanini. Aliacha tonge moja la ugali, akalifunika kwa kawa. Tulipomuuliza alisema ni la atakayefika.

Wajukuu wa waliobeba mizigo ile na wajukuu wa jeshi lile walikaa brigedi moja mwaka 2013. Karibu miaka mia moja baadaye! Na kati ya mwaka ule wa 1916 na huu kuna Kongwa, pasipofika kilometa mia kutoka hapa ninapoandika. Tangu 1964 Tanzania iliwapa wapigania uhuru ardhi pale wajenge kambi zao: FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU, MPLA. Samora Machel alipita pale. Chris Hani alipita pale. Wapo watu wa Kongwa ambao baba zao walikuwa wapiganaji wa kusini, na wapo wapiganaji waliozikwa pale. Mama zetu waliwauzia maziwa na kuku wageni wale, wakajua kuwasalimu kwa lugha zao. Tulilisikia yowe la Msumbiji, la Namibia, la Afrika Kusini, tukatoka, na hatukuuliza tutalipwa nini. Siwezi leo kuwaambia vijana wetu wasitoke. Mwaka 2021 walivuka Ruvuma na wenzao wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwenda Cabo Delgado, Msumbiji, na nilisema waende.

Marehemu kaka yangu naye alikwenda Uganda, vita vya 1978 na 1979. Upande wetu walikuwamo Waganda waliokimbia utawala wa Amin, na waliopigana chini ya akina Tito Okello na Oyite Ojok waliitwa Kikosi Maalum, kwa Kiswahili hicho hicho. Kaka alikuwa mtu wa maneno machache, lakini jambo moja alilirudia kila tulipoketi. Jeshi la Amin nalo lilitoa amri kwa Kiswahili. Usiku ukisikia mtu anaita "nani huyo?" upande wa pili wa migomba, lugha haikusaidii: anaweza kuwa Mganda wako, anaweza kuwa Mganda wa Amin. "Kinachokuokoa," alisema, "ni kuwa mlishaiona sura yake mchana, mlikula naye." Alimaanisha walikaa pamoja na kufanya mazoezi pamoja kabla ya kuingia. Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979. Yeye alirudi na kovu la bega.

Ndiyo maana nayaunga mkono mazoezi ya pamoja, mradi tujue ni ya nini. Mwaka 2024 wanajeshi wa China walikuja kufanya mazoezi na wetu na wa Msumbiji. Uganda wako ndani ya Kongo na jeshi la Kongo tangu Novemba 2021, operesheni wameiita Shujaa. Ni vizuri. Lakini kabla ya kikosi chetu kuingia vitani na wenzake, nataka wawe wamekula sahani moja, wamepiga kwata uwanja mmoja, na wamefanya zoezi moja mahususi mpaka walifanye usingizini: kambi imevamiwa usiku, redio imekatika, nani anakuja, kwa njia ipi, kwa muda gani. Na lugha ya zoezi hilo iwe Kiswahili. SADC ilikipa nafasi ya lugha rasmi Agosti 2019, hapa hapa Tanzania. Daftari la mwanangu lisingehitaji safu nne.

Sasa naigeukia nyumba iliyo mwendo wa daladala kutoka kwangu. Waheshimiwa wabunge, nanyi mnaishi Dodoma. Katiba yetu, Ibara ya 44, inasema habari ya Rais kutangaza vita na nchi nyingine, na jinsi tangazo hilo linavyofikishwa bungeni. Kikosi kinachokwenda Kongo kwa mwaliko wa Kongo hakitangazi vita na nchi yoyote, kwa hiyo ibara ile haikigusi. Wenzetu wa Afrika Kusini wameliziba pengo hilo. Kifungu cha 201 cha katiba yao kinamtaka Rais alijulishe Bunge upesi, kila jeshi linapotumwa nje, mambo manne: sababu, mahali, idadi ya watu, na muda. Ndiyo maana jeshi lao lilipokwenda Kongo na SADC, Rais wao aliliandikia Bunge kwamba ni askari 2,900, kuanzia Desemba 15, 2023 hadi Desemba 15, 2024. Mama wa Soweto angeweza kuisoma barua ile.

Nataka barua kama hiyo isomwe katika ukumbi wa Dodoma, na mama wa Mkonze aisikie redioni akiwa anapepeta uwele. Nataka iwe na jambo la tano ambalo hata Waafrika Kusini hawakuliandika: nani atakuja usiku. Ndege za nani, ziko umbali gani, zinaruka kwa amri ya nani. Wapo watakaosema kwamba idadi ni siri na adui atafaidika. Adui anahesabu malori yetu yakipita barabarani, anahesabu mahema kwa darubini kutoka mlimani. Siri hiyo anafichwa mzazi peke yake. Mipango ya vita ibaki kwa makamanda, sina haja nayo. Kama kuna sehemu haifai kusomwa hadharani, isomwe mbele ya kamati ya ulinzi milango ikiwa imefungwa, lakini isomwe, na mtu aweke sahihi yake chini.

Maana mapigano ya Kongo hayakwisha. Aprili 2024 kombora lilitua karibu na kambi ya SADC huko Kivu Kaskazini, Watanzania watatu wakafa. Januari 2025 M23 walirudi na Goma ikaanguka tena. Waafrika Kusini 14 walikufa katika siku zile, na wetu wawili. Waliobaki walijikuta ndani ya kambi zao, mji umeshikwa na adui, uwanja wa ndege umefungwa. Machi 13 wakuu wa SADC wakaumaliza ujumbe ule. Mwishoni mwa Aprili magari yakaanza kutoka, yakipita nchi kavu ndani ya Rwanda hadi Chato, nchini kwetu.

Jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, mwanawe alikuwa huko. Ni mjane kama mimi. Goma ilipoanguka hakulia, alikuwa anafagia uwanja tu, asubuhi, mchana, jioni, mpaka ardhi ikang'aa. Siku ya tatu nilibeba mkeka wangu nikaenda kulala kwake. Kesho yake akaja mke wa balozi wetu wa nyumba kumi na blanketi. Hatukupanga zamu, ila tangu Januari ile hadi mavuno yalipokaribia hakulala peke yake hata usiku mmoja. Tulikuwa tunaweka simu yake katikati ya mikeka, imechomekwa chaji, sauti imefunguliwa mpaka mwisho.

Ililia saa kumi na moja alfajiri. Mama aliishika kwa mikono miwili. Kijana alisema, "Shikamoo mama, niko Chato," kisha akanyamaza, naye mama hakuweza kuitikia, mimi ndiye niliyemwitikia. Halafu kijana akauliza kama uwele umeshavunwa. Mama akapata sauti. Akamwambia bado, ndege wameula upande wa bondeni, uliobaki unamsubiri yeye.